Asilimia Hazijumlishwi: Mhadhara Kuhusu Mafumbo ya Michanganyiko



Nimeombwa nizungumzie aina moja ya hesabu ambayo huwatoa jasho wanafunzi wengi, yaani mafumbo ya michanganyiko. Ni yale maswali yanayosema: una kitu cha namna hii na kingine cha namna ile, vichanganye upate cha namna fulani, je, utatumia kiasi gani cha kila kimoja? Vitabu vimejaa maswali hayo, na maisha yamejaa zaidi. Muuguzi anayezimua dawa ya kusafishia wodi, mfugaji anayechanganya chakula cha kuku, sonara anayeyeyusha dhahabu, mpokeaji wa maziwa kwenye kituo cha kukusanyia: wote hao wanaifanya hesabu hii, wajue wasijue.

Dai langu jioni ya leo ni moja. Mafumbo haya hayawashindi watu kwa sababu ya aljebra. Yanawashinda kwa sababu wanaandika herufi kabla hawajajua ni kitu gani wanachokihesabu. Asilimia hazijumlishwi. Zinazojumlishwa ni gramu, lita, kilo na shilingi. Atakayelishika hilo, aljebra iliyobaki ni mistari mitatu au minne tu.

Ndoo ya dawa

Tuanzie wodini. Dawa ya madoa, ile ambayo wengi tunaiita jiki, mara nyingi huandikwa kwenye chupa kuwa ina asilimia 3.5 ya dawa yenyewe, hipokloriti ya sodiamu. Iliyobaki karibu yote ni maji. Kwa kusafishia mahali palipomwagika damu, miongozo ya kuzuia maambukizi hutaka mchanganyiko wenye ukali wa asilimia 0.5. Tuseme tunataka lita 14 za mchanganyiko huo. Nimechagua 14 ili hesabu itoke bila desimali. Tutie lita ngapi za jiki na lita ngapi za maji?

Darasani, majibu mawili hujitokeza haraka. La kwanza ni la mwanafunzi anayechukua 3.5 ya jiki na 0 ya maji, anazijumlisha, anagawanya kwa mbili, kisha anakwama na 1.75 yake. Amejumlisha asilimia. La pili ni la mwanafunzi anayegawanya 3.5 kwa 0.5, anapata 7, anatangaza kwamba ni sehemu moja ya jiki kwa sehemu saba za maji. Huyu amekaribia, na kukaribia kwake ndiko kwenye hatari, maana jibu lake linafanana sana na la kweli.

Tuache namba kidogo, tuandike sentensi ya Kiswahili cha kawaida: dawa iliyoingia na jiki, ukijumlisha dawa iliyoingia na maji, ni sawa na dawa iliyomo kwenye ndoo. Hakuna anayeweza kuibishia sentensi hiyo. Maji yanaongeza ujazo, lakini hayaongezi dawa wala hayapunguzi. Ukali wa kilichomo umebadilika. Kiasi cha dawa kimebaki kilekile.

Sasa tupige hesabu ya kila kipande. Ndani ya ndoo tunataka asilimia 0.5 ya lita 14, ambayo ni lita 0.07, yaani mililita 70 za dawa. Maji yanaleta sifuri. Lita za jiki hatuzijui, basi tuziite j, zinaleta 0.035 × j. Sentensi yetu inakuwa mlinganyo:

0.035j + 0 = 0.07

j = 0.07 ÷ 0.035 = 2

Lita 2 za jiki, na lita 12 za maji ili zitimie 14. Uwiano ni sehemu moja kwa sita, na ndio unaofundishwa katika vituo vya afya kwa jiki ya asilimia 3.5. Ile 7 ya mwanafunzi wetu ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa jumla ya sehemu zote, jiki ikiwa mojawapo. Akitia sehemu saba za maji, sehemu zinakuwa nane, na 3.5 ikigawanywa kwa 8 inatoa takribani 0.44. Sakafu itaonekana safi vilevile, harufu itakuwa ileile, na dawa itakuwa pungufu.

Hesabu hii ina uzito. Wakati wa mlipuko wa Ebola uliodumu kuanzia 2018 hadi 2020 huko Kivu ya Kaskazini na Ituri, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watumishi wa afya walitumia klorini ya viwango viwili: asilimia 0.5 kwa sakafu, vifaa na viatu, na asilimia 0.05 kwa kunawia mikono. Kiwango cha pili hupatikana kwa kuzimua cha kwanza, sehemu moja kwa tisa za maji. Palipokuwa na unga wa klorini wa asilimia 70, sentensi ileile ilitumika: lita moja ya maji inahitaji gramu 5 za klorini, kila gramu ya unga inaleta gramu 0.7, basi unga ni 5 ÷ 0.7, gramu 7 hivi. Chupa inaweza kubadilika, unga unaweza kuchukua nafasi ya maji ya dawa, nchi inaweza kuwa nyingine, sentensi haibadiliki.

Sentensi kwanza, herufi baadaye

Mtaniuliza: kwa nini nasisitiza sentensi badala ya kwenda moja kwa moja kwenye x? Nitajibu kwa historia. Katika karne ya 9, kule Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu kilichoipa aljebra jina lake. Kitabu kile chote kimeandikwa kwa maneno, bila alama za milinganyo tulizozizoea leo. Ndani yake mna mirathi, mna biashara, mna upimaji wa ardhi, na kila hoja inasomeka kama maelezo ya mtu anayezungumza na mwenzake. Mtindo wa kuviita visivyojulikana x, y na z uliletwa na René Descartes, Mfaransa, katika kitabu chake cha 1637. Kwa karne nane watu walifanya aljebra bila x.

Basi x ni mwandiko wa mkato wa sentensi iliyokwisha kueleweka. Asiyekuwa na sentensi hana cha kufupisha. Ndiyo maana mwanafunzi anaandika x ubaoni, anaitazama, kisha anamtazama mwalimu.

Chakula cha kuku

Twende bandani. Mfugaji wa kuku wa mayai anataka kuchanganya kilo 100 za chakula chenye protini asilimia 16. Ana pumba za mahindi, tuchukulie zina protini asilimia 10, na mashudu ya alizeti, tuchukulie yana asilimia 30. Nasema tuchukulie kwa sababu mashudu hutofautiana kulingana na mbegu na namna mafuta yalivyokamuliwa.

Sentensi: protini ya mashudu ukijumlisha protini ya pumba ni sawa na protini ya chakula chote. Kilo za mashudu tuziite m. Pumba ndizo zilizobaki katika kilo 100, kwa hiyo ni 100 − m. Hapa wengi huongeza herufi ya pili pasipo haja, wakati swali limekwisha kusema jumla ni 100.

0.3m + 0.1(100 − m) = 16

0.3m + 10 − 0.1m = 16

0.2m = 6

m = 30

Kilo 30 za mashudu na kilo 70 za pumba. Tuhakiki: mashudu yanaleta kilo 9 za protini, pumba zinaleta kilo 7, jumla 16. Jibu limejithibitisha lenyewe.

Maofisa mifugo huwafundisha wafugaji njia ya mkato iitwayo mraba wa Pearson. Unaandika 10 na 30 upande wa kushoto, 16 katikati, kisha unatoa kwa kupita kona kwa kona: 16 kutoa 10 ni 6, na hiyo 6 ni sehemu za mashudu, 30 kutoa 16 ni 14, na hiyo 14 ni sehemu za pumba. Sita kwa kumi na nne ni tatu kwa saba, uwiano uleule. Wengi huitumia njia hii bila kujua kwa nini kila tofauti inakwenda upande wa pili. Fikirini mizani. Kila kilo ya mashudu inavuta mchanganyiko juu ya 16 kwa hatua 14. Kila kilo ya pumba inauvuta chini kwa hatua 6. Ili mizani isimame, anayevuta sana awe mchache na anayevuta kidogo awe mwingi. Kwa hiyo mashudu yanachukua 6 na pumba zinachukua 14. Mlinganyo wetu ulisema hayohayo: ule mstari wa 0.2m = 6 ni tofauti ya 30 na 10 ikikutana na tofauti ya 16 na 10.

Sasa mfugaji huyohuyo aseme anataka asilimia 35 kutokana na pumba na mashudu haya haya. Aljebra itatoa m = 125, na pumba zitakuwa hasi 25. Mwanafunzi akipata jibu la namna hiyo hudhani amekosea kutoa, anarudia mara tatu. Hajakosea. Mlinganyo unamwambia kwamba jambo analolitaka haliwezekani, kwa kuwa mchanganyiko hauwezi kuwa mkali kuliko kilicho kikali kabisa ndani yake, wala hafifu kuliko kilicho hafifu kabisa. Hiki ndicho kipimo cha kwanza cha kila jibu la mchanganyiko, na kinafanyika kwa macho tu kabla ya kushika kalamu.

Na akiongeza dagaa wenye protini, tuseme, asilimia 50? Visivyojulikana vimekuwa vitatu, na sentensi tulizo nazo ni mbili: moja ya jumla ya kilo, nyingine ya protini. Kila herufi inadai sentensi yake. Sentensi zikipungua, majibu yanakuwa mengi, na mfugaji lazima aongeze uamuzi mmoja. Akiamua dagaa wawe kilo 5, watamletea kilo 2.5 za protini, zilizobaki 13.5 zitoke kwenye kilo 95 za pumba na mashudu:

0.3m + 0.1(95 − m) = 13.5

0.2m = 4

m = 20

Kilo 75 za pumba, 20 za mashudu, 5 za dagaa, na protini ni ileile 16. Uamuzi wa kilo 5 ulitoka kwenye bei ya dagaa sokoni, au kwenye ladha ya samaki ambayo dagaa wengi huweza kuiacha kwenye mayai. Chakula kamili kinataka pia chokaa kwa ajili ya maganda ya mayai, chumvi na vitamini. Kila hitaji jipya ni sentensi mpya, na viwanda vya chakula cha mifugo vina programu za kompyuta zinazokokotoa sentensi nyingi za namna hii kwa pamoja ili kupata mchanganyiko wa bei nafuu.

Kurudi nyuma: maziwa

Hadi hapa tumejua tunachokitaka, tukatafuta vya kutia. Mlinganyo huohuo unaweza kusomwa kinyumenyume: kitu kimekwisha kuchanganywa, nawe unataka kujua kilichotiwa.

Lita moja ya maziwa halisi ya ng'ombe ina uzito wa takribani gramu 1,030. Lita moja ya maji, gramu 1,000. Laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa, hupima tofauti hiyo. Tuseme kipimo kinaonyesha gramu 1,024 kwa lita. Sehemu ya maji katika lita hiyo tuiite w:

1,030(1 − w) + 1,000w = 1,024

30w = 6

w = 0.2

Mlinganyo unasema katika kila lita 100 mna lita 20 za maji. Tusimame hapo kabla ya kumnyooshea mtu kidole. Uzito wa maziwa halisi hupanda na kushuka kidogo kulingana na ng'ombe, malisho na joto la maziwa wakati wa kupima. Zaidi ya hayo, mafuta ni mepesi kuliko maji. Mtu akiondoa mafuta, maziwa yanakuwa mazito; akitia maji baada ya hapo, yanarudi kwenye uzito wa kawaida, na laktomita haitaona kitu. Wameingia wawili wasiojulikana, maji yaliyoongezwa na mafuta yaliyotolewa, na kipimo ni kimoja. Ndiyo maana vituo makini hupima na mafuta pia. Aliyeelewa milinganyo anajua hata mahali ambapo ushahidi wake haujatosha kumtia mtu hatiani.

Herufi inapotoweka

Watanzania wenzangu mnakumbuka uchakachuaji wa mafuta. Mafuta ya taa yalikuwa yakitozwa kodi ndogo kuliko dizeli, kwa hiyo yalikuwa rahisi, na wafanyabiashara wasio waaminifu waliyachanganya na dizeli wakauza vyote kwa bei ya dizeli. Bei ya lita ya dizeli tuiite D, ya mafuta ya taa T, na sehemu ya mafuta ya taa katika mchanganyiko k. Gharama ya lita iliyochakachuliwa ni:

D(1 − k) + Tk = D − k(D − T)

Imeuzwa kwa D, hivyo faida ya udanganyifu ni k(D − T). Itazameni vizuri. Mchakachuaji ana mamlaka juu ya k peke yake. Anaweza kuiongeza usiku wowote. Kumwinda k kunahitaji wakaguzi, vipimo na vinasaba, yaani alama za kemikali, kwenye mafuta. Lakini D − T iko mikononi mwa Serikali, na ikifanywa sifuri, faida ni sifuri hata k iwe ngapi. Mwaka 2011 Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuiziba tofauti hiyo ya bei. Mlinganyo unaeleza kwa nini hatua hiyo iligusa mzizi wa tatizo. Hauelezi nani anabeba gharama, nao walikuwa wenye koroboi na majiko ya mafuta ya taa. Gharama hiyo ilidai sentensi yake nyingine, na raia anayejua kusoma mlinganyo ana nguvu ya kuidai.

Pale ujazo unapotudanganya

Nimesema kinachoingia ndicho kilichomo. Kwa uzito, kauli hiyo haina tatizo. Kwa ujazo, tuwe waangalifu. Mililita 50 za ethanoli na mililita 50 za maji hazitoi 100. Zinatoa takribani 96, kwa kuwa chembe za vimiminika hivyo viwili hujipanga kwa kubanana zaidi zikiwa pamoja. Hakuna kilichopotea. Pimeni kwenye mizani, uzito ni uleule.

Maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ya kutengeneza kitakasa mikono yanaliepuka tatizo hilo. Ili kupata lita 10, unachukua mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, unatia haidrojeni peroksaidi na gliserini kwa vipimo vilivyotajwa, kisha unajaza maji hadi alama ya lita 10. Hesabuni: 8,333 × 0.96 ni takribani 8,000, na 8,000 katika 10,000 ni asilimia 80. Hakuna mahali unapoambiwa utie maji lita kadhaa. Unaambiwa ujaze hadi alama. Mwaka 2020, shule na hospitali zilipohitaji kitakasa kwa haraka, maelekezo haya yalikuwa na thamani kubwa kwa aliyeweza kuyasoma na kuyahesabu upya alipopata ethanoli ya ukali mwingine.

Neno kwa walimu, wazazi na wanafunzi

Walimu wenzangu, kwa miaka mingi hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini katika mtihani wa kidato cha nne. Sababu ni nyingi na sitajifanya nina dawa yake yote. Lakini tazameni mtoto aliyesoma hisabati kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha akakutana na fumbo la mchanganyiko kwa Kiingereza. Kabla ya aljebra ana kazi ya kuelewa kinachosemwa. Mruhusuni aandike sentensi yake kwa Kiswahili pembeni mwa daftari, kisha milinganyo iandikwe kwa alama, ambazo hazina lugha. Mpeni alama hata kwa sentensi hiyo peke yake, maana ndiyo iliyobeba fikra. Kuhamisha namba upande wa pili wa mlinganyo ni kazi inayofundishika kwa wiki moja.

Wazazi, msiwaambie watoto kwamba hesabu hizi hazina kazi. Waulizeni dukani, jikoni na bandani: tumetia nini, na sasa mna kiasi gani ndani?

Wanafunzi, hatua ni nne. Tafuta kitu ambacho kuchanganya hakukiongezi wala hakukipunguzi. Andika sentensi yake kwa maneno. Mpe asiyejulikana herufi, ufupishe sentensi. Rudisha jibu kwenye sentensi uone kama pande mbili zinalingana.

Nawaachia kazi ya nyumbani. Sonara ana gramu 36 za dhahabu ya karati 22, na mteja anataka mkufu wa karati 18. Dhahabu safi ni karati 24, kwa hiyo karati 18 ni sehemu 18 kati ya 24. Je, aongeze gramu ngapi za shaba na fedha? Msinitafute kesho kuniuliza kama mmepata. Pimeni dhahabu safi iliyoingia, pimeni iliyomo kwenye mkufu. Zikiwa sawa, mmepata, hata kama kitabu kimesema vingine.